Cheti Kinaishia Malaba

Jumatatu, 3 Machi

Wimbi la uji limekauka vizuri. Nimekaanga karai mbili kabla Nekesa aamke. Ya tatu imeungua kidogo kwa sababu aliamka. Jino la juu linamsumbua. Analia, anatafuna kidole changu, anacheka, analia tena. Mtoto wangu huyu.

Mama wa duka kule Elburgon amepiga, unga umemwishia. Nimemwambia Alhamisi.

Halafu jambo kubwa. Mwanamke wa Kampala amepiga. Anaitwa Florence, ananunulia supamaketi vyakula vya watoto. Aliona unga wetu wa uji huko Mbale, Uganda, dukani kwa Wanyama, binamu ya mume wangu Wafula. Akaupika, akautaka. Namba yangu aliitoa nyuma ya mfuko. Anataka tuuziane moja kwa moja. Kampala! Mimi niliyeachia shule Form Two.

Nilimwambia Wafula akiwa anafunga viatu vya kazi. Akatubeba mimi na mtoto pamoja. Mtoto akamtapikia shati. Hata hakukasirika.

Jumatano, 5 Machi

Florence amepiga tena. Sauti haikuwa ile ya juzi.

"Nyabo, mama, hili jina na hii picha ni za nani?"

Zangu, nikasema, nina cheti cha alama ya biashara. Cha wapi? Cha Nairobi. Kisha akanitumia picha ya ukurasa wa gazeti la serikali la Uganda. Uji wa Nekesa. Chini yake mtoto mwenye mashavu ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Huyo ni mtoto wangu. Alichorwa na kijana wa mabango hapa hapa Section 58, mtaani kwetu Nakuru, mtoto akiwa amekalia ndoo. Halafu jina la anayeomba kuandikishwa kama mwenye alama. Wanyama.

Florence anasema hawezi kununua mpaka ajue mwenyewe ni nani. Bosi wake hataki kesi.

Nimesoma huo ukurasa mpaka macho yameuma. Kitu ni changu upande huu, kule ni cha mtu. Kinageuka kikivuka mto wa mpakani ama nini? Sielewi hata nianze kutoelewa wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Mifuko mimi ndiye niliyempa Wanyama. Hiyo ndiyo inaniuma.

Unga ukifungwa huku unapasukia njiani. Kwa hivyo natuma unga kwa gunia, na mifuko mitupu iliyochapishwa natuma kando. Esther, mke wa Wanyama, anajaza kule. Karatasi hatukuandikiana. Niliuliza mwanzoni kama tuandikiane, Wafula akanitazama kama nimetukana. Kwao, kumwambia mtu wa damu aweke sahihi ni kumwambia nimekuona mwizi. Na mimi ni msichana wa Subukia niliyeolewa juzi tu, nitajua nini. Nikatuma mifuko hivyo hivyo.

Wafula amesema labda ni Wanyama mwingine, kina Wanyama ni wengi. Nikamwonyesha namba ya simu pale chini. Ni yake. Amekula ugali mtupu. Mboga ameacha.

Elburgon nimesahau kabisa. Yule mama amenitusi vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeenda kwa wakili, juu ya duka la dawa za mifugo. Ni kijana mdogo, shati limepigwa pasi kali. Nilikuwa nimembeba Nekesa, akanyakua muhuri akautia mdomoni. Wakili akamwachia.

Nikaweka cheti mezani. Nimekitia plastiki. Akakisoma chote, akasema ni kizuri, ni halali.

"Lakini mama, hiki kinaishia Malaba, mpakani."

Nikamwambia si tuko Jumuiya moja, hata kwa kitambulisho tu unavuka. Akacheka, si kwa ubaya. Watu wanavuka, akasema, ng'ombe wanavuka, alama ya biashara haivuki. Kila nchi unaenda kuibishia hodi yake.

Mimi nilidhani ni kama cheti cha kuzaliwa. Ukizaliwa Nakuru umezaliwa, hata ukifika Japani.

Amesema muda wa kupinga bado haujaisha. Ama nipinge, nioneshe ni nani alianza. Ama Wanyama akubali mwenyewe kunihamishia ombi lake, kwa maandishi. Nikauliza, si aliondoe tu yaishe? Akatikisa kichwa. Akiliondoa mlango unabaki wazi, mwingine anaingia. Naandika hapa nisichanganye. Kuhamisha. Si kuondoa.

Nimetoka nikiwa najua mengi zaidi na naelewa machache kuliko nilipoingia.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani mchungaji amesoma matangazo ya ndoa. Kijana wa kwaya na msichana wa Njoro, mara ya pili. Mwenye kizuizi ajitokeze. Watu wakacheka kidogo kama kawaida. Mimi sikucheka.

Kumbe lile gazeti ni hilo! Wanatangaza, wanangoja mwenye neno. Hakuna mwenye neno, wanafungisha. Nilitaka kusimama pale pale nipige kelele, na hata harusi si yangu.

Baada ya ibada nimemwambia mama mkwe kila kitu. Sikumficha. Akasikiliza akipangusa pua ya mtoto kwa leso yake. Akasema tu, "Nitafikiria." Sijui atakuwa upande gani. Wanyama ni mtoto wa dada ya marehemu baba mkwe. Mimi ni nani?

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Wanyama. Wafula hakutaka, nikampigia.

Hakukana hata. Ndiyo maana nimechanganyikiwa zaidi. Ningependa akane nimkasirikie vizuri.

Anasema kuna mtu sokoni Mbale alianza kupaki unga wa mahindi na kuuita Nekesa. Wanyama akakimbia ofisi ya alama kumzuia. Pale akaulizwa mwenye jina ni nani, akajibu ni yeye.

"Sasa shemeji, ulitaka niseme ni nani? Nekesa ni kukhu, nyanya yetu sisi. Wewe jina ulilikuta."

Nikasema Nekesa ni mtoto wangu.

"Hata mimi niko na Nekesa. Na wangu alilia kabla ya wako."

Ni kweli. Kwetu Subukia msichana wa kwanza anachukua jina la mama ya baba, hakuna maswali. Kwa kina Wafula mtoto akilia bila kunyamaza, wanamtajia wafu wao mmoja mmoja. Wangu alilia kutwa nzima. Mama mkwe akataja na kutaja, na alipofika kwa Nekesa, nyanya ya kina Wafula, mtoto akashika titi. Na msichana wa Wanyama alinyamazia jina hilo hilo miaka saba kabla ya wangu.

Basi jina ni la nani? La yule bibi aliyelala kaburini Bungoma? Yeye hata uji wangu hakuuonja.

Nina hasira na sina pa kuiweka. Wafula namwonea huruma na pia nataka kumtupia mwiko.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe amefikiria. Tunaenda Mbale Jumamosi, yeye, mimi na mtoto. Wafula ana zamu kazini. Ama amejificha nyuma ya zamu. Sijamuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Mbale. Naandikia jikoni kwa Esther wakati anaosha vyombo. Amekataa nimsaidie.

Nilikuja nimebeba maneno mengi. Kitu cha kwanza Wanyama amefanya ni kuweka mfuko mezani. Umeandikwa Nekesa kwa herufi nyekundu, unga ndani ni mweupe pe. Mahindi matupu. Kwa hivyo mwigaji yuko. Wanyama hakudanganya.

Halafu nikaona wetu kwenye rafu. Nikafungua mmoja, nikanusa, nikaonja kwa kidole. Wimbi, mtama, ndizi kavu. Haukuguswa. Hata hapo hakudanganya. Nilikuwa natamani awe mwizi kamili, ingekuwa rahisi.

Nekesa wake ni mrefu, ana pengo mbele. Amembeba wangu mgongoni mpaka kwa majirani kuwaonyesha, "Huyu pia ni mimi." Wameniua kwa kicheko, na nilikuwa nimekuja kugombana.

Tukakaa. Nikasema jina kweli nililikuta, silipingi. Lakini mtoto kwenye mfuko nilimzaa mimi, na mchanganyiko ni wangu, niliumwaga na kuurudia mpaka majirani wakachoka kuonja. Nikasema atie sahihi ya kuhamisha. Sikulia.

Wanyama akasimama. Akasema yeye si mtu wa nje wa kudaiwa sahihi. Akamwambia mama mkwe, "Auntie, unaona? Mke wa mtoto wako anataka tuandikishane kama watu wa soko."

Mama mkwe alikuwa anakunywa chai. Akaimaliza.

"Kaa chini, Wanyama. Mahari yangu iliandikwa. Ya mama yako iliandikwa, ng'ombe kwa ng'ombe, na wazee wakatia sahihi pande zote mbili. Ni nani aliitwa mwizi siku hiyo? Watu wakitaka kukaa pamoja ndipo wanaandika. Wa soko ndio hawaandiki."

Hata Esther aliacha kukoroga.

Akaongeza, polepole, "Na mimi pia hilo jina nililikuta. Nimelilea miaka yote. Asiyezaliwa nalo pia anaweza kulilea."

Wanyama hakukaa. Alitoka nje. Hajarudi mpaka sasa. Sijui kama hiyo ni ndiyo ama hapana.

Jumapili, 16 Machi

Amekubali. Kabla ya chai, bila kunitazama. Wakili wa kwetu amesema atatupatia mwenzake wa huku, ataandika na Wanyama atatia sahihi. Sharti langu nililotaka kumpa ni kwamba aendelee kuwa muuzaji wetu Mbale, peke yake, na hiyo pia iandikwe. Nilifikiri atafurahi.

Alisema, "Hapana shemeji. Chukua chote."

Atauza ule uliobaki kwenye rafu halafu aache. Esther akainamisha kichwa. Nikamwambia sikutaka hivyo. Akasema anajua.

Nimekuja kutafuta kitu nimekipata, na ninarudi nyumbani kama mtu aliyenyang'anywa. Mama mkwe amesema nimpe muda, wanaume wa kwao hasira yao ni kama mawe ya jiko, moto unazimika yanabaki na joto. Amesinzia njia yote. Sina wa kuuliza zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Wanyama ametia sahihi. Wakili amenisomea kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, halafu nikamwomba tena kwa Kiswahili. Ofisi ya Uganda ikipokea, mwenye kuomba ni mimi. Njeri. Mtu wa Subukia ndiye Nekesa wa Uganda sasa. Maajabu.

Bado wanaweza kuuliza maswali. Bado kuna kungoja. Lakini hiyo karatasi inamtosha Florence, bosi wake amekubali tuanze kidogo kidogo. Na yule wa mahindi ataandikiwa barua, aache.

Wakili akaniuliza, na Tanzania je? Na Rwanda? Florence ana marafiki Kigali, mambo yakienda vizuri wataulizia. Nikamwambia siku hiyo nitabisha hodi kwanza, mfuko utafuata nyuma. Akasema mama umeiva.

Sijaiva. Kichwani ni kama uji ulioingia madonge. Lakini hilo moja nimelishika.

Wafula ameniuliza kama Wanyama alisema kitu. Nikasema hapana. Akasema nimefanya vizuri. Halafu akakaa nje kwa ngazi muda mrefu na simu mkononi, hakumpigia mtu.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua imenyesha tangu asubuhi. Hatukuenda kanisani, mtoto ana mafua. Jino limetoka.

Lori la kwenda Kampala linapakia kesho. Tumejaza mifuko sisi wenyewe, mimi, Wafula na mama mkwe, tumekaa sakafuni. Tumekubali ipasuke michache njiani, lakini safari hii inatoka kwetu ikiwa imefungwa. Mama anapima, Wafula anabana, mimi napanga. Ilikuwa raha, ya kimya kimya.

Wanyama hajapiga. Nimezoea kidogo. Sijazoea.

Lori litapitia Mbale. Dereva amekubali kusimama. Nimechota unga wa juu kabisa, ule wa wimbi lililokaangwa kwanza, nikautia kwenye mfuko mweupe mtupu. Hauna picha, hauna jina, hauna chochote. Nimeufunga kwa uzi.

Wafula akauliza ule ni wa nani, mbona haujaandikwa.

Nikamwambia ni wa Nekesa wa Mbale, wa kunywa nyumbani. Akauchukua, akauweka juu ya mingine yote, mahali hautabanwa.