Fremu Nyeusi ya Mama Yuditha

Dodoma, Jumamosi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na umeweza tena kupanda ngazi kupaka rangi mabango ya maduka hapo Newala. Mimi ni mzima, ila upepo wa huku umenikausha midomo. Nimekaa kimya kwa sababu kuna jambo lilinipata kazini, nikataka liishe kwanza ndipo nikueleze.

Unajua nasanifu jarida la wakulima. Toleo lililopita, jaladani tulimweka Mama Yuditha, mjane wa Mlali anayelima alizeti. Picha ilikuwa na rangi nyingi, nikaona inapiga kelele. Nikaziondoa zote, ikabaki nyeusi na nyeupe. Nikaizungushia fremu nyeusi, na jina lake nikaliandika chini kwa herufi nyeupe. Bosi akasema, "Sasa hili ni jarida!" Nikavimba kichwa.

Nakala zilipofika Gulwe, mtoto wake, fundi cherehani karibu na stesheni, aliona moja imetundikwa dukani. Hakusoma habari. Aliona mama yake, fremu nyeusi, jina chini. Akapiga simu, haikupatikana. Akapanda bodaboda hadi Mlali, analia njia nzima, na shangazi zake wawili wakamfuata na khanga za msiba kiunoni. Walimkuta marehemu anaanika alizeti uani.

Yule fundi alinipigia ofisini. "Dada, unajua ulichotufanyia?" Bosi alitaka tutume ujumbe wa kuomba radhi. Nikamwambia naenda mwenyewe.

Nilimkuta Mama Yuditha ameketi kwenye kigoda, nikamwamkia.

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenizika?"

Nikapiga magoti, nikamweleza kwamba sisi wasanifu tunaitumia nyeusi kuonyesha heshima na utulivu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Waliolia wameshanyamaza," akasema. "Kitenge changu umekipeleka wapi?"

"Kitenge gani, mama?"

Akaingia ndani, akatoka nacho. Chekundu, maua ya njano. Tangu mumewe afariki alikuwa hajavaa kitu cha kung'aa. Siku ya picha ndiyo alikivaa mara ya kwanza, makusudi, ili watu wa Mlali waone amemaliza kuomboleza.

Baba, nililia mbele yake. Zile rangi ndizo zilizokuwa habari yake, nami nilikuwa nimemrudisha msibani.

Bosi alikataa kuchapa upya. Tulibishana siku tatu. Mwishowe alikubali nakala ambazo hazijasambazwa zivishwe jalada jipya lenye rangi zake, lakini mimi akaniondoa kwenye majalada. Sasa napanga kurasa za hali ya hewa, na sijui atanirudisha lini. Inauma, sikufichi.

Nakala mpya nilimpelekea Mama Yuditha kwa mkono wangu. Aliitazama sana, akasema njano imefifia kidogo. Kisha akajifunga kile kitenge, akatoka kwenda kuwaonyesha majirani, nikabaki peke yangu uani na alizeti zake.

Nisalimie mama, mwambie korosho zake zimefika na ofisi nzima imekula. Msalimie shangazi Somoe wa vitumbua, na mdogo wangu Hamisi, aache kuchora kwenye daftari za hesabu.

Ni mimi binti yako, niliye mzima na bado nina kazi,

Salma