Picha za Mjukuu Nimezifuta Mimi

Mwanangu, uji wa mtoto uko kwenye chupa. Kadi ya kamera nimeitia ndani ya kikombe cha bluu. Mpelekee fundi wewe, mimi siiamini tena mikono yangu.

Dukani uliniambia, "Mama, kwa anayeanza, lenzi iliyokuja na kamera inatosha. Ongeza kadi ya pili." Nikang'ang'ania lenzi ndefu, ili wenzangu wa darasa la jioni la kupiga picha wanione. Kadi ikabaki moja, nayo ikajaa. Leo, baada ya sala, nikatafuta nafasi ya zoezi la mwalimu, nikabonyeza "futa zote". Picha za mwanao akipiga hatua za kwanza zilikuwa humo.

~~Nadhani kamera ina kasoro.~~ Hapana, Mungu ananiona. Kidole ni changu.

Mwalimu alisema picha zilizofutwa huweza kurudishwa, mradi kadi isipigiwe picha nyingine. Kwa hiyo usiijaribu hata kidogo.

Mungu nimemwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti. Kwako nimeshindwa hata kugonga mlango, nimetoka kwa kunyata kama mwizi. Nikirudi jioni, nigombeze utakavyo. Usininyamazie tu.

Mama