Taa ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 1974

Matokeo ya mtihani hayajaja. Nimekwenda tena posta, nimerudi tena mikono mitupu. Nyumbani siwezi kutulia — nafagia palipokwisha fagiwa. Mama kasema nitamaliza sakafu ya watu. Baba akasema basi twende gereji, angalau nishike tochi.

Gereji ni banda la mabati hapa hapa uani kwetu, Ng'ambo. Baba ni fundi umeme wa magari, na tangu kijana wake Abasi ahamie Kaliua hana msaidizi. Leo imeletwa Land-Rover ya serikali. Inatakiwa kufungwa taa mbili za ziada mbele, juu ya bampa. Taa mpya kabisa, bado zimo kwenye maboksi, vioo vizito kama sahani za wageni. Nilijitazama ndani ya kimoja — pua yote mimi!

Dereva anaitwa Tobias. Mluguru. Alipojua sisi ni Wanyamwezi akaanza utani hapo hapo: wapagazi wangu hamjambo, mizigo mmeitua wapi? Baba akamjibu kwamba mzigo wenyewe alikuwa babu yake Tobias, alibebwa kutoka pwani kwa uvivu wa kutembea. Walicheka mpaka wakashikana mikono. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Tobias akauliza, fundi, huyu msaidizi wako ni bubu? Nikaangusha nati. Tukaitafuta mchangani sote watatu. Aibu!

Jumanne, 5 Machi

Siku nzuri, nusu yake.

Baba alitoboa bampa, mimi nikapitisha nyaya chini ya mbawa za gari hadi kwenye betri. Nimejua kwamba taa haishiki umeme vizuri penye rangi. Lazima ukwangue mpaka chuma king'ae, ndipo ufunge waya. Nikakwangua mimi. Baba akapitisha kidole, akasema "haya." Kwa Baba hiyo ni hotuba.

Swichi imekaa karibu na usukani. Tulipoijaribu bandani, kuku wa jirani walikurupuka wote! Nilipiga makofi bila kujua.

Jioni amefika Mama mdogo Amne kwa treni kutoka Goweko. Habari za Bibi Batuli si nzuri. Mwezi uliopita Bibi alihamia kijiji kipya pamoja na wenzake, akapewa kiwanja, akajenga kibanda. Sasa amerudi kwenye mahame yake. Peke yake! Tumbaku yake ilikuwa imeshaiva, hakuna bani la kukaushia kijijini, kwa hiyo amelitundika jani kwenye bani lake la zamani na amewasha moto. Moto ule hauachwi. Ukizimika kabla ya wakati jani linakuwa jeusi, na kazi ya mwaka mzima inatupwa.

Amne anasema amemsihi sana. Bibi amemjibu: mimi nimehama, tumbaku ndiyo haijahama.

Na wanaorudi mahameni wanatafutwa na watu wa serikali. Juma lililopita nyumba moja imeangushwa paa, vyombo vikiwa ndani.

Mimi shuleni niliandika insha kuhusu vijiji vya ujamaa, ikasomwa mbele ya darasa. Sikuandika kwa kutafuta maksi. Maji karibu, shule karibu, zahanati — nani atakataa? Bibi mwenyewe hakukataa. Kwa nini basi nimekaa nauma kucha?

Jumatano, 6 Machi

Leo tumeelekeza taa. Gari linasimamishwa mahali pa tambarare mbele ya ukuta, watu wanapanda ndani ili likae kama litakavyokaa safarini. Mtu mmoja anasimama ukutani na chaki, anachora alama mwanga unapotakiwa kugonga. Mtu huyo ni mimi.

Alikuja pia afisa mwenye gari hilo, Ndugu Yoramu, kofia ya khaki, kijana bado. Si mkali. Aliniuliza habari za mtihani, akasema nisikate tamaa, nchi inatuhitaji. Nilimjibu nikitazama viatu vyake.

Taa ya kulia, mbele moja kwa moja. Nikachora. Ya kushoto Baba aliielekeza ukingoni mwa barabara, kama kawaida. Ndugu Yoramu akasema kushoto zaidi. Baba akasogeza. Zaidi, fundi. Baba akamwambia ikizidi hapo haitamulika njia, itamulika vichaka. Akasema ndivyo ninavyotaka. Watu hawakai barabarani.

Ukuta uliisha. Ilibidi niruke kwenye ua wa jirani, nifunge kitambaa kwenye fito kwa kuwa chaki haishiki. Nilifunga mafundo mawili, vizuri kabisa, kama mtoto mwema. Halafu ndipo nikaelewa: ni taa ya kutafutia waliorudi mahameni.

Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama spana yake.

Tobias alishuka kuja kuchukua kile kitambaa. Akasema kwa sauti ya utani kwamba keshokutwa wanakwenda kuzijaribu Goweko, na wapagazi wenye bibi zao huko wawasalimie mapema. Hakucheka. Wala mimi.

Baada ya chakula nilimfuata Baba bandani. Nilimwomba — mimi! — asiikaze ile nati ya kushoto. Ailegeze kidogo tu, barabara ya Goweko ni mashimo, taa itainama yenyewe itazame chini. Hakuna atakayejua.

Hakunifokea. Ingekuwa afadhali. Alisema taa ikilegea itacheza, itampiga machoni dereva anayekuja mbele. "Niue mtu nisiyemjua, Mwamvita, ili nimwokoe mkwe wangu?" Akachukua spana, akakaza mbele yangu mpaka ikalia.

Hakugusa ugali. Mama aliufunika, akaufunua, akaufunika tena.

Alhamisi, 7 Machi

Gari limechukuliwa asubuhi. Linapendeza, lazima niseme kweli.

Nani aende kwa Bibi? Amne ameshapanda treni ya Kaliua kwa mumewe. Mama ananyonyesha, na mtoto ana homa. Baba akionekana kule watajua fundi ametoa siri, kisha Tobias naye atafukuzwa. Walizungumza hivyo wakizunguka, kama mtu anayetafuta ufunguo.

Nikasema nitakwenda mimi.

Mama akauliza, umesemaje? Kweli hakusikia. Nikarudia. Baba akanitazama kana kwamba nimerefuka. Akasema nikifika nimwambie Bibi azime moto, arudi kijijini, basi. Tumbaku tutaipanda mwaka mwingine.

Kesho alfajiri. Nimefungasha khanga, sukari, chumvi, hili daftari.

Ijumaa, 8 Machi. Goweko

Treni ilichelewa lakini ilifika. Kutoka stesheni nimefuata njia ya wapagazi wa zamani, inapita nyuma ya mashamba, ni fupi kuliko barabara. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya Baba. Kijiji kipya nilikiona kwa mbali: mistari iliyonyooka, mabati mawili matatu yanametameta. Kizuri. Nasema kizuri.

Bibi alikuwa amechuchumaa kwenye mdomo wa tanuru la bani, uso mweusi kwa masizi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Nani kakuruhusu kuja peke yako, mayu, mama yangu? Au umefukuzwa shule?"

"Nimemaliza, Bibi."

"Umemaliza nini? Hata ndevu huna."

Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamweleza yote. Land-Rover, taa, usiku wa leo. Alisikiliza huku anapanga kuni. Nilipofikia azime moto akafungua kimlango cha bani, akanivuta kichwa ndani. Joto! Majani yamening'inia mistari kwa mistari, manjano kama ganda la ndizi mbivu, vijiti vya katikati ya kila jani tu ndivyo bado vibichi.

"Mpaka kesho asubuhi," alisema. "Hilo tu. Ningekuwa nataka kubaki huku ningepanda mahindi."

Yale maneno ya Baba niliyoyafanyia mazoezi njia nzima yote yalipotea.

Kijijini jioni balozi anapita nyumba kumi zake, anahesabu watu. Asiyekuwapo ndiye anayetafutwa. Kwa hiyo nikamwambia: Bibi, wewe nenda ukahesabiwe. Ukalale kwako. Mimi mtoto wa mjini sina kiwanja huku, sijahamishwa popote, sijarudi popote. Nitabaki na moto.

Alinitazama. Akasema wewe unayeogopa kuku? Nikasema ndiyo, mimi.

Akanifundisha. Magogo mawili, si matatu. Usiulize macho, uliza pua: likinuka nyasi mbichi, ongeza, likinuka asali, tulia, likinuka ugali ulioungua, mwite Mungu. Akanishika shavu kwa ule mkono wa masizi, akachukua ndoo yake kichwani kama anayetoka kisimani, akaondoka kwa ile ile njia ya nyuma. Hakugeuka.

Baadaye. Jua bado lipo juu ya miti.

Linanuka asali. Nimekaa kwenye kigoda, naandika ili mikono ifanye kitu.

Gari!

Limesimama kule chini barabarani. Ni lile. Si usiku! Taa zote mbili zimezimwa, hazina kazi — moshi wa bani umepanda wima mpaka mbinguni, kipofu angeuona. Wajinga sisi. Siku tatu tunaumizana kwa ajili ya nati.

Wameshuka watu wanne, wanakuja kwa miguu. Mmoja amebeba mti mrefu wenye ndoano. Bani hili paa lake ni nyasi. Mbele ni Ndugu Yoramu, naijua kofia. Tobias amebaki ndani ya gari, amegeuza uso upande mwingine.

Naweza kukimbia. Njia ya nyuma iko wazi, hawajaniona. Watakuta moto tu, hauna jina.

Lakini jani.

Nimeweka magogo mawili. Nimefunga kimlango. Sitawasubiri hapa waniite, nitawatangulia kwenye uwanja. Sentensi moja tu, naweza kusema sentensi moja. Shikamoo Ndugu Yoramu, tunaomba mpaka kesho asubuhi. Kwa sauti, Mwamvita, kwa sauti. Shikamoo Ndugu Yoramu, tunaomba mpaka