Kilo Kamili Bila Nyongeza

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Tumepita! Mashindano ya biashara za wanafunzi yalikuwa na vikundi kumi na tisa, vimebaki vitano — na sisi tumo! Fainali ni Embu, Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Mshindi anapewa ofisi ya mwaka mzima na pikipiki mbili. Pikipiki! Mimi niliyepanda jukwaani leo na viatu vya kuazima kwa sababu vyangu vimeachama.

Niandike vizuri, nisije nikasahau tulianzaje. Kiondo Mlangoni: mzazi anayefanya kazi mpaka jioni anaagiza asubuhi kwa simu, sisi tunamnunulia mboga soko la Makutano, akifika nyumbani anakuta kiondo mlangoni. Wazo ni langu. Njue wa Kianjokoma ndiye aliyetengeneza apu. Adrian ndiye mdomo wetu — anajua kusimama mbele ya watu mkono mmoja mfukoni. Bwana Kobia, mwalimu anayetusimamia, anataka tujaribu na familia kumi za kweli kabla ya fainali.

Wauzaji nimewaleta mimi. Tata Igoki, dada ya mama, aliyenilea tangu darasa la tatu, na wenzake wanne, Kaari na Beth wakiwemo.

Jumatano, 8 Oktoba

Njue alikuja sokoni na mizani ya betri, ndogo kuliko daftari. Wanawake walicheka mpaka Kaari akakalia kabichi zake. Pale minji za kijani hupimwa kwa kopo la gorogoro, nyanya kwa fungu, na ukishalipa, mkono wa muuzaji unarudi kwenye rundo, unachota kidogo, unakutilia juu. Nyongeza. Sijawahi kuona mtu akitoka Makutano bila nyongeza.

Adrian akasema hapana, apu inasema kilo moja, iende kilo moja. Tata akapima minji kama alivyoambiwa. Kisha mkono wake ukarudi kwenye rundo wenyewe, ukachota, ukabaki hewani.

"Sasa hii naweka wapi?"

"Rudisha tu, auntie."

"Na huyu mtu amenikosea nini?"

Akarudisha. Sikuupenda uso wake. Lakini nilinyamaza, na hilo ni kosa langu, si la Adrian.

Ijumaa, 10 Oktoba

Aibu! Kicheko! Hasira! Zote kwa siku moja.

Susan ni nesi, ana watoto watatu, ndiye mteja wetu wa kwanza. Kwenye apu kila familia inachagua muuzaji wake, na yeye alimchagua tata kwa sababu amenunua kwake miaka sita. Juzi jioni alifungua kiondo, akakuta minji kilo kamili, nyanya kilo kamili — basi. Hata kishungi cha dhania hakuna. Akajua tata amemkasirikia. Amebeba hilo moyoni siku nzima ya jana. Leo saa ya chai amepanda boda na yunifomu yake, kutoka hospitali mpaka sokoni, kumwuliza tata wamekosana lini! Tata naye alikuwa akiona haya tangu Jumatano. Walishikana mikono pale karibu walie.

Kazi yetu ni kumpunguzia mtu safari ya soko. Sisi tumemtoa kazini tukampeleka sokoni!

Adrian anasema huyo ni mteja mmoja na hisia zake. Nimemwambia wewe unajua slaidi, mimi najua Makutano. Kuanzia kesho kila kiondo kitakuwa na kifuko kidogo pembeni, muuzaji atie anachotaka, hakipimwi, hakiandikwi. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Jumapili, 12 Oktoba

Imekubali! Mtoto mdogo wa Susan leo hakuuliza chakula ni nini, ameuliza Igoki ametuma nini. Jana ilikuwa matomoko mawili. Familia zimefika kumi na saba, na hatujatangaza popote.

Baada ya kanisa tata aliniita jikoni. Nikamkuta na Kaari na Beth, chai imeshamiminwa. Walikuwa na swali moja tu: mkishapewa pikipiki, mtatukumbuka? Beth akasema kila mradi ukija sokoni huwapiga picha kwanza, halafu huwaruka. Nikasimama, nikaapa kwa Kimeru mbele yao: hakuna kiondo kitakachotoka bila mikono yenu. Tata aliniongezea chai.

Jumanne, 14 Oktoba

Bwana Kobia alituita ofisini. Akasifu idadi ya familia, halafu akaanza kukatakata. Majaji wanataka stoo. Mizigo itoke mashamba ya Ruiri moja kwa moja, kila kitu kwenye mizani. Wanawake wa soko ni watu wa kati, tuwaondoe. Nyongeza ni uvujaji — ndilo neno alilotumia! Na picha za akina mama zinafanya mradi uonekane harambee ya kanisa.

"Gatakaa, hii kitu haiwezi scale, haiwezi kukua," Adrian akasema. "Hatuwezi weka huruma kwa business plan."

"Si huruma. Ndio inafanya watu waagize."

"Wewe unatetea auntie yako."

"Ndio! Na wewe unatetea nani?"

Bwana Kobia akagonga meza kwa kalamu. Uamuzi wake: Adrian pekee ndiye atakayezungumza Embu. Kiingereza changu, kasema, kina udongo. Sawa. Viazi navyo vina udongo na anavila.

Njue hakufungua mdomo ila kutia mandazi. Nimemkasirikia yeye kuliko hao wawili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimeona slaidi mpya. Tata hayupo. Mahali pake kuna mzungu kutoka mtandaoni amekumbatia brokoli. Brokoli! Nimelia chooni, nikanawa, nikatoka. Siachi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua tangu mchana. Njue alikuja na laptop ameifunga kwa karatasi za nailoni — laptop moja, karatasi tatu. Alikaa muda mrefu akifungua mafundo.

"Mathe yangu huuza nduma Kianjokoma," akasema. "Unadhani sikuskia vile walisema juu ya wamama?"

Nikamwuliza mbona basi alikula mandazi. Akasema aliogopa. Angalau hakunidanganya. Halafu akanionyesha: slaidi za zamani bado anazo zote, tata na Kaari na Beth na vifuko vyao. Kesho yeye ndiye atakayekaa kwenye mashine. Atakayeshika maiki, huyo ndiye atakayemfungulia slaidi zake, za Adrian au zangu. Zaidi ya hapo, amesema, nisimwombe.

Sijamwambia tata kitu. Amepiga simu kusema kesho watakaa wote kibandani kwa Beth watuone kwa simu. Wamenunua bando. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 18 Oktoba — Embu, saa nne na robo

Naandika mapajani. Ukumbi umejaa. Kikundi cha nne kiko jukwaani na drone ya kunyunyizia kahawa dawa, imekataa kuruka. Mwenzao mmoja anaipuliza. Baada yao ni sisi.

Saa tatu nilitoka nje nikampigia tata. Nilimwambia yote: mmeondolewa, majina yenu hayapo, mtaona brokoli. Nilifikiri atalia au atanitukana. Akaniuliza tu, katikati ya makelele ya soko:

"Wewe uliapa na hao vijana, ama uliapa peke yako?"

"Peke yangu, tata."

"Haya."

Akakata simu.

Kwa hivyo najua: kiapo ni changu peke yangu. Nikivuruga hapa na tukose, Adrian hatanisemesha tena, pikipiki ndio basi, na mradi wangu wa mwisho wa chuo unasahihishwa na Bwana Kobia huyu huyu aliyeketi mstari wa mbele na tai nyekundu. Anaweza kuniangusha mwaka mzima. Naogopa, nisijidanganye. Lakini wakishinda wao na brokoli yao, nitapita Makutano kwa uso gani? Maji nimeshayavulia nguo.

Wale wa drone wameshuka. Wametuita. Njue ameketi kwenye mashine, hanitazami. Ukutani mzungu ametokea, mkubwa kama nyumba. Adrian anafunga kifungo cha koti. Yule msimamizi wa shughuli amekuja na maiki, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa karibu na njia, amenipa mimi.

Adrian amenyoosha mkono. Anatabasamu kwa majaji huku anauma meno: lete. Lete, Gatakaa.

Nimesema hapana. Kumbe maiki imewashwa! Ukumbi mzima umegeuka. Bwana Kobia amesimama. Sina mahali pa kuweka hii daftari, naenda nayo jukwaani —