Pikapu ndogo ao kubwa

Mulekera, siku ya tano, magaribi

Jana muuzishaji alituachia pikapu kubwa tuijaribu, na leo ile ndogo. Bwana yangu wa ndoa, Papa Masika, anapenda kubwa, sababu inabeba magunia mingi ya viazi toka Lubero. Mie nilipenda ndogo, sababu ni mie nitakuwa ninaendesha.

Leo, mbele ya kufika Mutwanga, tulikuta batu banakimbia na mizigo. Baba moja akapiga kelele: “Mama, rudia! Kule banapiga masasi!”

Njia ilikuwa nyembamba, lakini nikageuza mara moja tu. Ile kubwa, jana, ilinisumbua kugeuka hata mu barabara ya mupana. Basi nilikuwa na haki.

Kisha batu bakapanda, na nyuma ikajaa mbio. Mama moja wa mimba akashika mulango. “Hata kusimama nitasimama,” akasema. Hakukuwa na fasi.

Papa Masika akashuka, akamupatia kiti yake. “Enda. Mie nitatembea na hawa benye banabakia.”

Niliendesha tu. Sijue hata kama nilimuangalia.

Amerudia sasa hivi na pikipiki, vumbi mpaka mu masikio. Anakula. Anasema, “Ulisema kweli, mama. Tununue ndogo.”

Nimemujibu hapana, tununue kubwa. Nitajifunza kuigeuza.

Amecheka. Mie sikuweza.