Barua Moja Tu kwa Bjarni

Mahali fulani, Uholanzi,
11 Machi 1945.

Mpendwa Shangazi Runa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao Skuli, ambaye bado ana mikono miwili, miguu miwili na njaa ileile uliyoizoea. Hujambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya Gimli? Natumaini barafu ya ziwani imekuwa nene mwaka huu na nyavu za Baba chini yake zinatoa samaki. Mimi ni mzima, ila mafua hayataki kuniacha.

Kifurushi chako kimefika. Soksi zimenienea sawasawa. Keki ya plamu ilifika ikiwa makombo, tukaila kwa vijiko, na mama mwenye nyumba tunamolala akaniuliza kwa ishara ni nani aliyeipika. Nikamwonyesha picha yako. Akaibusu, kwa hiyo ujue una rafiki huku.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Luteni wetu husoma kila barua kabla haijatoka, nami namwomba radhi kwa kumwingiza katika mambo ya ukoo.

Bjarni yuko hapa. Yuko katika kikosi changu, miongoni mwa watu kumi ninaowaongoza.

Unakumbuka mdogo wangu alivyochukuliwa jeshini kwa lazima mwaka wa arobaini na mbili, akakataa kusaini karatasi ya kuja kupigana ng'ambo. Miaka miwili na zaidi akalinda pwani ya British Columbia pamoja na wenzake waliokataa, na Kanada nzima ikawaita Mazombi, maiti wanaotembea. Baba akatangaza dukani, mbele za watu, kwamba ana mtoto mmoja tu wa kiume. Mimi nami sikuwa bora kuliko yeye. Nilimwandikia barua moja, na juu ya bahasha, mahali pa jina lake, nikaandika "Askari Zombi" pamoja na namba yake ya jeshi. Nilidhani nimechekesha. Namba ilikuwa sahihi, kwa hiyo barua ilimfikia, baada ya kupita mikononi mwa kambi nzima.

Novemba serikali iligeuza kauli, ikaanza kuwaleta huku kwa nguvu. Wiki iliyopita lori lilitushushia watu watatu wa kujaza nafasi za wale tuliowazika. Nilikuwa na tabia mbaya: kila mgeni nilimuuliza mbele ya wenzake alisaini lini, ili zombi ajulikane mapema. Wa kwanza akajibu, wa pili akajibu. Wa tatu akainua uso, na swali lilikuwa limeshanitoka kabla sijamtambua ndugu yangu.

"Sikusaini, Koplo," alisema. "Nimeletwa."

Kowalchuk, mtu wa Saskatchewan mwenye domo, akadakia: "Haya, tumeletewa maiti. Nani atamzika?"

"Usinisingizie, mzee," Bjarni akamjibu. "Hapa anayenuka ni wewe."

Watu wakacheka, hata Kowalchuk mwenyewe. Mimi niliona aibu sana, Shangazi, sijawahi kuona aibu kama ile.

Baadaye, tukimenya viazi, nilimuuliza kwa Kiaislandi, lugha yetu ya nyumbani, ili wengine wasielewe, kwa nini hakusaini.

"Nani aliniomba?" akasema. "Kambini walitusimamisha kwenye theluji wakatutukana ili tusaini. Ningeombwa kistaarabu ningekuja. Halafu ikafika barua yako wewe. Nikasema basi, wacha niwe zombi."

Ukaidi huo sote tunajua umetoka wapi. Ni Baba mtupu. Nilimwomba msamaha palepale, naye akanirushia kiazi. Nadhani amenisamehe.

Tena si mzembe. Wavu wa kufichia lori letu ulikuwa umeraruka vibaya. Bjarni aliukalia asubuhi moja, vidole vikienda vilevile Baba alivyotufundisha kwenye nyavu za ziwani, na kufikia chakula cha mchana hapakuwa na tundu. Kowalchuk sasa anamwita Fundi, na anataka naye afundishwe.

Ninachokuomba ni kimoja. Wewe ni dada mkubwa wa Baba, na ndiye mtu pekee anayeweza kumgombeza akanyamaza. Bjarni amemwandikia mara nne tangu avuke bahari, na hajajibiwa hata neno. Mwambie amwandikie. Si lazima amsifu, wala asimwombe radhi kama hawezi. Aandike habari za barafu, za mbwa, za chochote. Siku si nyingi tutarudi mstari wa mbele, na nimeshazika watu ambao barua zao zilifika siku mbili baadaye.

Nisalimie mumeo Leifur, na binamu yangu Sigga na watoto wake. Baba mwambie nampenda, na kwamba nimemkasirikia. Mungu akutunze, alitunze na hilo goti.

Barua zikija hapa, mimi ndiye ninayesimama na kusoma majina. Bjarni husimama nyuma ya wote, mikono mfukoni, akijifanya anatazama ng'ombe wa mwenye nyumba, na haondoki mpaka nimesoma jina la mwisho. Nataka kulisoma lake.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Skuli