Kwa Nini Veneranda Hakuonja Asali

Misunkumilo, Jumapili, Desemba 1976

Mvua imeanza tulipotoka misani na mpaka sasa haijakata. Watoto wamelala, baba yao yuko zamu stesheni, na mimi nimekaa karibu na mlango na daftari hili ambalo kwa kawaida naandikia masomo ya watu wazima. Moyo wangu mzito. Leo nimempa mtu habari mbaya, na mtu huyo hakulia. Afadhali angelia.

Mtu huyo ni Veneranda, wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Anaishi nasi tangu aliporuhusiwa kutoka kambi ya wakoma. Ugonjwa wenyewe ulikwisha. Alimeza vidonge miaka mingi mpaka mganga akamwambia basi, umepona, nenda nyumbani. Lakini vidole vilikuwa vimeshajikunja, shavu la kushoto limekufa ganzi, na alirudi na tabia moja: akizungumza na mtu, hata mimi, anavuta kanga mpaka puani.

Wote tulidhani ni aibu ya ukoma. Mume wangu alikuwa akimwambia, "Dada, umepona, jifunue." Yeye anatikisa kichwa tu.

Haikuwa aibu ya ukoma. Yalikuwa meno.

Hilo nimelijua wiki hii. Jumatatu aliamka shavu limevimba, na uji ukawa unamtoka pembeni mwa mdomo bila yeye kujua. Nikamwomba afungue mdomo nimwangalie. Akakataa. Nikamwambia, "Wifi, mimi ndiye nakuosha vidonda vya miguu. Huo mdomo utanificha nini?"

Akafungua.

Sitaandika yote niliyoyaona. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yamelegea, ukiyagusa yanacheza. Magego yameoza mpaka kwenye fizi. Ndani ya lile shavu la ganzi kulikuwa na kidonda; uji wa moto ulikuwa umemchoma na hakusikia. Na harufu. Nilijitahidi nisigeuze uso, lakini nadhani niligeuza kidogo, maana aliinamisha macho.

Sisi wengine asubuhi tunavunja kijiti, tunatafuna, tunasugua, tunatema. Ni kitu gani hicho cha kufikiria? Lakini vidole vya Veneranda haviwezi kushika kijiti. Alikuwa anasukutua kwa maji na kujifuta kwa pindo la kanga, basi. Mimi nilikuwa namchotea maji, namfunga vifungo vya gauni, namkagua nyayo kila jioni kama tulivyofundishwa. Mdomoni hakuna aliyenifundisha kuangalia, na mwenyewe sikuwaza.

Jumanne tulikwenda hospitali. Mng'oa meno alipoona mikono ya wifi alirudisha koleo kwenye sahani.

"Huyu arudi kambini. Huko wana vifaa vyao."

Nikamwambia alishapona. Akasema huenda ni kweli, lakini wagonjwa wengine wakimwona kwenye kiti hicho hawatakikalia tena. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Tukatoka, tukakaa kwenye benchi. Waliokuwa wamekaa pale wakainuka mmoja mmoja, mpaka benchi lote likawa letu.

Aliyetusaidia ni sista wa zamu, mama wa Kifipa, mtu mzima. Alitusikiliza, akaingia ndani akamwambia yule bwana, "Basi nipe koleo mimi." Akang'oa mwenyewe, mengine siku ile, mengine Ijumaa uvimbe ulipopungua. Kabla ya kuchoma sindano alimuuliza, "Huko kambini nani alikuwa anakuangalia mdomoni?"

Veneranda akafikiri. "Walikuwa wanaangalia miguu. Na mikono. Na macho. Mdomo hapana."

Sista akavuta dawa kwenye sindano, kisha akasema, "Hata sisi hapa hatukuangalia."

Ijumaa hiyo alichukua gunzi la hindi, akalitoboa katikati, akachomeka mswaki wa dukani, akaufunga kwenye kiganja cha wifi kwa ukanda wa mpira. Gunzi ni nene, hata mkono uliojikunja unalishika. Veneranda akasugua meno yake yaliyobaki, polepole, damu ikitoka, hakuna aliyemsaidia. Alipomaliza alisema neno moja.

"Kumbe."

Tulikuwa tunarudi nyumbani kwa miguu aliponiuliza, "Wifi, unamkumbuka Lusambo?"

Namkumbuka sana. Lusambo ni mrina asali wa Ugalla, rafiki wa mume wangu. Alifiwa na mke mwaka juzi. Kiangazi cha mwaka jana alikuwa analeta asali na nta kuuza mjini, na akija analala kwetu. Akampenda Veneranda. Alimwambia mume wangu waziwazi kwamba mikono ameiona na si neno, kwake wapo mabinti wa kuchota maji. Anachotaka ni mwenzake wa kuzungumza naye jioni. Kila safari alimwachia Veneranda bakuli la asali ya masega, asali nyeupe ya mwanzo wa msimu.

Veneranda hakuonja hata mara moja. Watoto wangu ndio walioila. Safari ya mwisho Lusambo alilikuta bakuli la safari iliyotangulia limefunikwa palepale alipoliacha. Aliaga vizuri, na hakurudi tena nyumbani kwetu. Mume wangu alikasirika. Mimi nilisema wifi anaringa.

Njiani siku ya Ijumaa ndipo aliponieleza. "Ile asali ilikuwa inanipiga kwenye jino mpaka kichwani. Na ningemwambiaje mtu aliyekuja kunichumbia kwamba nimeoza mdomo? Mtu anataka tukae tuzungumze. Angesogea karibu angenusa mwenyewe."

"Si ungeniambia mimi?"

"Ningekuambia wewe, ungemwambia mdogo wangu, naye angemwambia Lusambo. Nyie hamnyamazi."

Tukatembea. Tulipokaribia nyumbani akasema, bila kunitazama, "Sasa naweza kumkubali. Kama bado anataka."

Jana nilikwenda sokoni. Nilimwambia nafuata chumvi. Ukweli nilikuwa namtafuta Lusambo, maana nilisikia ameonekana mjini na nta. Nilimkuta. Nikamweleza yote, harakaharaka, kama mtu anayewahi treni: jino, vidole, asali, hospitali. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akizungusha kamba ya mzigo wake kidoleni.

"Mama Tekla," akasema, "mimi nilidhani amenijibu. Mwanamke asipokutaka, hali kitu chako. Niliona hilo ndilo jibu, nikashukuru kwamba hakunitukana."

"Sasa je?"

"Nimeoa. Baada ya mavuno. Ni mwanamke mwema, sina la kumlaumu." Akaikaza kamba ya mzigo. "Mwambie Veneranda…" Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Usimwambie kitu."

Nilirudi nyumbani bila hata hiyo chumvi. Veneranda akacheka, akasema nimezeeka kabla yake. Nilishindwa kumwambia. Nilijidanganya kwamba nitamwacha apone fizi kwanza.

Leo amekwenda misani kanga ikiwa mabegani. Tangu nimfahamu sijamwona hivyo. Ameimba mdomo wazi na mapengo yake yote. Baada ya misa wanawake walisimama chini ya upenu kusubiri mvua ipungue, mmoja akatoa mzaha juu ya mumewe, na Veneranda akacheka kwa sauti kubwa, wa kwanza kabla ya wote. Wenzake walimgeukia, kisha wakacheka naye. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake nikijua ninachokijua.

Nilimwambia baada ya kula. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakusimama.

"Mwanamke wa wapi?" akauliza.

"Wa huko huko Ugalla."

"Vizuri. Watoto wake wale walihitaji mtu." Akaendelea kuchambua. Kisha mkono ukasimama. "Umemwambia kwamba nilikuwa nataka?"

"Nimemwambia."

"Na sababu ya asali umemwambia?"

"Nimemwambia yote, wifi."

Akautazama ule ungo muda mrefu. "Ungemwacha asijue," akasema. "Alikuwa ameshapumzika yule."

Hakuwa amekasirika. Alimaliza maharage, akaniomba nimsaidie kuyatia chunguni, akaenda kulala na uso ameuelekeza ukutani.

Ndiyo maana nashindwa kutulia. Kumwambia Veneranda ilikuwa lazima, angesikia kwa watu. Lakini kule sokoni nilikwenda na furaha yangu, nikadhani habari njema haiwezi kumuumiza mtu. Jana asubuhi mwenye majuto alikuwa mmoja. Sasa yuko mwanamume Ugalla ambaye atakaa na mke wake mwema na kujua kwamba hakukataliwa. Nimemwongezea nini?

Na hata ningenyamaza, miezi ile ya kiangazi haitarudi. Ingetosha mtu mmoja tu kumwambia afungue mdomo. Kambini, hospitalini, au mimi hapa jikoni kwangu.

Mume wangu atakaporudi ataniuliza mbona dada amelala mapema. Nitamwambia mvua.

Kesho, ikikatika, tunaanza kupanda mahindi. Mimi nachimba mashimo na kudondosha mbegu, yeye anafuata nyuma na viatu vyake vya tairi, anafukia kwa mguu. Ndivyo tunavyopanda kila mwaka. Akitaka kuzungumza, nitamsikiliza. Asipotaka, tutapanda kimya mpaka mwisho wa shamba, nami sitageuka nyuma kumtazama.